Kisigino katika Chumba Cheupe

Dovie Hatchett aliosha vyombo katika jiko la shule kwa miaka ishirini na mitatu. Masinia mia tatu asubuhi, mia tatu mchana, na katikati masufuria yenye ukoko wa jibini usiotoka ila kwa kucha. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni, na hata siku za mapumziko ilinuka sabuni. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Anayeosha sinia watu hawamwoni, wanaona sinia.

Mumewe alifariki mapema akamwachia mtoto mmoja, Coy. Coy alipotimiza miaka kumi na sita alipenda mapango ya milima ile mikavu iliyo magharibi ya mji, na kila Jumamosi alifunga kamba na taa akaondoka na watu wa chama cha mapango. Mara mbili Dovie alimsindikiza, akakaa ndani ya gari mdomoni mwa korongo akihesabu dakika, akitazama tai wakizunguka angani na kujiuliza wanazunguka nini. Mara ya tatu akasema, "Nipeni kofia ngumu." Aliona heri aingie shimoni na hofu yake kuliko kukaa nje nayo.

Coy alikua, akaenda Wyoming kuchimba gesi, ikabaki simu ya Jumapili. Mama yake akabaki mapangoni. Na huko, katika miaka hamsini na minne ya maisha yake, ndiko alikokuwa mtu. Maana watu wakiingia pangoni hulichafua hata wakijitahidi vipi, na nani awezaye kutoa tope jekundu juu ya jiwe jeupe bila kulikwaruza? Dovie. Alijua sifongo ipi, mswaki upi, maji kiasi gani. Watu wenye digrii zao walipiga magoti kando yake wakauliza, "Dovie, hapa nisugue au nipapase?" Naye hujibu, "Papasa. Jiwe si sufuria."

Kulikuwa na neno moja alilofundishwa kila mtu siku ya kwanza: sema kabla tope halijakauka. Ukikanyaga pasipokanyagwa, paza sauti hapo hapo, wote wasimame, paoshwe. Tope bichi hutoka. Likikauka huzama ndani ya jiwe, na alama yako hukaa pale hata baada ya jina lako kusahaulika duniani. Aliyesema mapema alitaniwa, akaosha, yakaisha. Aliyenyamaza hakuchukuliwa tena.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne walipanda wanne. Mbele alitangulia Wendell Kruse, mwalimu mstaafu, mzee mkavu wa maneno machache, mwenye ufunguo wa geti la pango. Nyuma yake Trudy Baca, msusi, mwenye kicheko cha kuangusha mawe, shoga wa Dovie wa miaka kumi. Wa tatu Efrain Lucero, fundi wa malori, miaka thelathini na moja, mgeni katika chama. Wa mwisho Dovie, kwa sababu Dovie hukaa nyuma siku zote ili aone migongo yote.

Siku ile ilikuwa ya Efrain. Chama hakimpokei mtu mpaka aende safari tatu na apate saini za wadhamini watatu, na hii ilikuwa safari yake ya tatu. Karatasi ilikuwa kwenye gari la Wendell, tayari ina saini ya Dovie na ya Trudy. Ilibaki moja tu, ya mzee mwenyewe. Bila hiyo, Efrain asingeingia tena nyuma ya geti lile, na hilo ndilo jambo alilolisubiri mwaka mzima.

Njia ni mwendo wa saa mbili, kupanda tu, katikati ya mkonge wa porini wenye ncha za kutoboa suruali.

"Efrain, umebeba maji kiasi gani?" Dovie aliuliza kutoka nyuma.

"Lita nne, mama."

"Nne ulisema asubuhi. Tangu hapo umekunywa."

"Basi tatu na kitu."

"Na kitu gani?"

Trudy akageuka. "Mwachie kijana wa watu! Sasa hivi utamhesabia na mate."

"Mate nayo ni maji," alisema Efrain, na hata Wendell alikohoa kicheko.

Walifungua geti, wakashuka kwa kamba, wakaanza kutambaa. Baada ya saa moja Efrain aliteleza, na alipojishika, glovu yake ikagusa jiwe jembamba lililoning'inia kutoka juu.

"Mkono!" Dovie alifoka. "Jiwe hilo limekaa miaka yote hiyo likisubiri glovu yako chafu?"

"Samahani, mama. Niliteleza."

"Pango halijui samahani."

Trudy alisonya kidogo. Wendell alitikisa kichwa kukubali, na Dovie akajisikia vizuri. Baadaye hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine yote, kwamba alijisikia vizuri.

Chumba Cheupe kiko mbele ya hapo. Sakafu yake ni jiwe lililotiririka likaganda, jeupe kama maziwa yaliyomwagika. Mtu hukaa ukingoni, huvua buti, huvaa viatu safi vya mpira alivyobeba kwenye mfuko, ndipo akanyage. Safari zote Dovie ndiye aliyesimama pale ukingoni akipaza sauti, "Viatu! Viatu!" kama anafukuza kuku jikoni. Siku ile mkanda wa begi lake ulikwama kwenye ufa, akachelewa. Alipokuwa bado chini anahangaika nao, alimsikia Efrain akirudi ukingoni kuchukua chupa yake ya maji na kuondoka tena. Hatimaye mkanda ukatoka, naye akapanda. Jozi tatu za buti zilikuwa zimepangwa ukingoni. Wenyewe walishavuka na kupinda kona.

Ndipo aliposikia kishindo, na Trudy akipiga ukelele, "Yesu wangu!" Kisha kimya.

Dovie hakuwaza. Mguu ndio uliowaza. Alichupa juu ya weupe na buti zake, hatua moja, na ya pili ilikuwa bado hewani akiita, "Trudy!" wakati kicheko kilipolipuka kule mbele.

"Nimeangusha kofia, ikaruka kama chura! Njoo uone huku, shoga, acha kulala!"

Alirudisha mguu. Akainamisha taa. Alama ya kisigino ilikuwa pale, nyekundu, inang'aa kwa ubichi.

Sema, moyo ulimwambia, na mdomo ulifunguka kabisa. Lakini maneno yaliyokuja kinywani yalikuwa yale yake mwenyewe ya nusu saa iliyopita, kwamba pango halijui samahani. Aliona uso wa Efrain utakavyokuwa. Aliona Wendell akitikisa kichwa, safari hii kwa upande mwingine. Akajiambia, nitaiosha wakati wa kurudi. Mimi ndiye wa mwisho siku zote, na sifongo ninayo. Akavua buti, akavaa viatu safi, akaenda kutazama mawe mazuri asiyaone.

Walikaa kule saa nzima na nusu. Wakati wa kurudi Wendell alitangulia tena, na Dovie hakuwa na neno la kumzuia.

"Simameni," alisema mzee.

Taa yake ilikuwa chini. Tope lilikuwa limekauka, limepauka pembeni: nusu duara, na ndani yake mistari ya mshazari.

"Nani?"

Tone la maji lilianguka mahali fulani. Likaanguka jingine.

"Mimi nilivua," alisema Trudy. "Na Dovie ndiye polisi wetu, huyo usijisumbue kumuuliza."

Taa ya Wendell ilimgeukia Efrain. Ya Trudy ikamgeukia. Na ya tatu pia. Dovie hakuiamuru shingo yake. Ilijigeuza yenyewe, na mwanga wake ukatua juu ya uso wa kijana yule pamoja na wa wenzake.

"Si mimi," alisema Efrain, akikinga macho. "Nilirudi kuchukua chupa, ndiyo, lakini miguuni nilikuwa na viatu hivi hivi. Buti zangu zile pale, mwalimu. Zigeuze uzitazame."

"Sipekui viatu vya mtu," alisema Wendell. "Sisi hapa tunauliza, na mtu anasema."

"Nimesema."

"Haya."

Kupekua kungemwonyesha mwenye kosa kwa dakika moja. Dovie alijua hivyo, na aliposikia kwamba mzee hapekui, alishukuru. Alishukuru ndani kwa ndani, kama mwizi aliyeona mbwa amefungwa.

Wendell aliweka rula ndogo kando ya alama, akaipiga picha kama ifanywavyo kabla ya kuosha. "Dovie," akasema. "Sifongo."

Alipiga magoti. Taa yake ya kichwani ilimulika kutoka juu, na kutoka juu tope halionekani vizuri. Efrain aliinama bila kuombwa, akaishusha taa yake hadi karibu na sakafu, mwanga ukapita ubavuni mwa jiwe.

"Unaona sasa, mama?"

"Naona."

"Magoti yako yataumia. Subiri." Alivua kinga za magoti yake mwenyewe akamsukumia. Alimshikia taa kwa muda wote ule, bila mkono kutikisika, na Dovie alipulizia maji, akapapasa, akanyonya kwa sifongo, akakamua ndani ya mfuko. Maji yalitoka ya waridi, kisha meupe. Mistari ikafutika. Ikabaki rangi ya chai ya maziwa, na hiyo haikutoka.

"Imezama," alisema Efrain kwa upole. "Aliyefanya hivi hajui alichofanya."

"Hajui," alisema Dovie.

Walipofika kwenye magari jua lilikuwa bado kali. Ilikuwa desturi kubadili mashati, kufungua sanduku la barafu na kula tortila za Dovie, chapati nyembamba zilizokunjiwa maharage na pilipili ya kijani ya kuchoma. Wendell alitoa karatasi kwenye gari, akaitazama, akaikunja.

"Sisaini."

"Mwalimu, naapa kwa mama aliyenizaa."

"Ungesema tope likiwa bichi ningekutania mpaka Krismasi, na saini ungepata. Si kisigino kinachonisumbua, kijana. Ni mdomo."

Efrain akamgeukia Dovie. "Na wewe, mama? Jina lako utalifuta?"

"Liache," alisema Dovie.

"Asante," alisema Efrain, na alimaanisha. Aliifunga tortila yake kwenye leso bila kuionja, akapanda lori lake, akaondoka akiacha vumbi refu.

"Afadhali wewe una huruma," Trudy alimwambia Dovie. "Mimi langu nalifuta."

Wiki mbili Dovie aliosha vyombo. Jumapili ya kwanza Coy alipiga simu.

"Mlienda, mama?"

"Tulienda."

"Yule mgeni amepata saini zake?"

"Bado. Kulikuwa na alama. Hakusema."

"Basi hafai," alisema Coy. "Anayenyamaza pangoni, siku ya kamba kukatika atanyamaza pia. Si wewe ulikuwa unaniambia hivyo?"

"Ndiyo mimi."

Baada ya simu alikwenda kwenye banda la nyuma akaishika buti ya kulia, akaigeuza. Majira ya baridi yaliyopita kisigino kilibanduka, naye, asiyetupa kitu, alikata kipande cha tairi ya baiskeli ya Coy ya zamani, akakigandisha kwa gundi. Mistari ya mshazari. Katika milima ile yote hapakuwa na kisigino kingine kama hicho. Tope lilikuwa bado kwenye mifereji ya mpira. Mtu anayeosha kila kitu hakuwa ameiosha buti yake.

Mkutano wa chama ulifanyika Jumamosi mchana katika chumba cha maktaba ya mji, watu kama kumi na watano na birika la kahawa. Efrain hakuja. Picha ya kisigino ilikuwa imewekwa mezani ipite mkono kwa mkono, na Wendell alieleza kwa maneno sita au saba. Kisha akauliza kama kuna mwenye jambo.

Dovie alisimama.

"Ni mimi," alisema. "Kile kisigino. Ni changu."

Watu walitazamana. Trudy ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kidogo cha upendo. "Dovie, keti. Huo moyo wako utakuua siku moja."

"Mama ni mama," alisema mtu wa nyuma. "Anambebea mtoto wa watu msalaba."

"Ni wema, Dovie," alisema Wendell, na sauti yake ililainika kuliko alivyowahi kuisikia. "Lakini hausaidii. Keti."

Aliziona nyuso zote zikimtazama. Tangu azaliwe hakuwahi kutazamwa hivyo, na watu wengi namna ile, kwa mara moja. Ingetosha aketi tu. Angekuwa amesema, nao wangekuwa wamekataa, na kila mtu angekwenda nyumbani akimpenda zaidi. Kwa pumzi moja, na aliujua urefu wa pumzi ile, alitaka kuketi.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa sokoni, akatoa buti, akailaza mezani kifudifudi, kando ya picha.

Wendell alivaa miwani. Alichukua rula, akapima picha, akapima mpira. Hakuwa na haja ya kupima.

"Nilidhani Trudy ameanguka," alisema Dovie. "Nikakimbia. Hiyo ningeisema. Ila nilikuwa nimetoka kumfokea kijana kwa ajili ya kidole tu, nikaona haya. Nikaona haya kwa kitu kidogo, nikafanya kikubwa."

"Nilisimama pale nikakutetea," alisema Trudy polepole. "Nilisema wewe ni polisi."

"Ulisema."

"Nawe ukaniacha niseme."

Trudy alivuta kiti chake pembeni. Kama upana wa viganja viwili tu, lakini sauti ya miguu ya kiti ikiburuzwa sakafuni ilisikika chumba kizima.

Wendell alitoa karatasi ya Efrain, akaisaini, akamsogezea Trudy, ambaye alirudisha jina lake. Kisha Wendell akapiga mstari juu ya jina la Dovie. "Mwaka mmoja huingii," alisema. "Na jina lako halimdhamini mtu. Karatasi umpelekee mwenyewe."

Jumatatu baada ya kazi alikwenda gereji. Efrain alikuwa chini ya lori, miguu tu ikionekana. Dovie aliongea na ile miguu, kwa kuwa alijua akingoja uso utoke atashindwa. Alisema yote, kuanzia kelele za Trudy mpaka yeye mwenyewe alivyoshukuru mzee alipokataa kupekua viatu. Spana ilikuwa imeacha kugonga tangu neno la kwanza.

Efrain alijivuta akatoka, akakaa sakafuni, akafuta mikono kidole kwa kidole.

"Nilikushikia taa," alisema.

"Ndiyo."

"Mke wangu alinifanyia sherehe ndogo siku ile. Keki. Nilifika nikamwambia wameniona mwongo." Aliichukua karatasi kwa ncha za vidole ili isipate grisi, akaisoma. "Ziko mbili hapa."

"Langu wamelifuta."

"Kwa hiyo bado moja."

"Bado moja," alisema Dovie, na ndipo alipoelewa kwamba hata ukweli wake alimletea ukiwa na tundu.

Efrain aliweka karatasi kwenye droo ya spana. "Asante kwa kuja, Bi Hatchett," alisema, akarudi chini ya lori. Hakumwita mama.

Mwezi wa kumi, joto lilipopungua, chama kilipanga safari nyingine ya Chumba Cheupe, na mdhamini mmoja mpya alikubali kumtazama Efrain. Kwa sheria mpya, kila safari lazima mtu mmoja akae getini na daftari: ameandika majina, saa ya kuingia, saa waliyoahidi kutoka, na funguo za magari mfukoni. Saa ikipita, apande mgongo wa mlima penye mtandao aite waokoaji. Ni kazi isiyopendwa, watu hupiga kura nani akae. Dovie aliiomba.

Walipita mbele yake mmoja mmoja. Wendell alimpa ufunguo wa gari na kumgusa bega. Trudy alimpa ufunguo akasema, "Kuna jua, vaa kofia," na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza tangu mwezi wa nne. Efrain aliuweka ufunguo wake juu ya daftari, si kiganjani.

"Saa kumi," alisema.

"Saa kumi," Dovie aliandika.

Geti likafungwa. Akakaa juu ya jiwe kando ya mkonge wa porini, akingoja nje, jambo ambalo miaka mingi nyuma alikataa kulifanya tena. Alihesabu dakika. Tai walikuwepo. Saa saba alidhani amesikia kilio chini ya ardhi, akainuka, akashika vyuma vya geti kwa mikono miwili, akaweka sikio. Hakikuwa kitu. Hata kingekuwa kitu, hakuwa na ruhusa ya kukimbia. Akarudi akaketi.

Walitoka saa kumi kasorobo. Akahesabu kofia: moja, mbili, tatu, nne, ya nne ikiwa ya Efrain. Efrain alikaa chini kufungua kamba za buti, tope jekundu hadi magotini.

"Ipo bado," alisema bila kuinua kichwa. "Rangi ile ile."

"Mliisugua?"

"Tuliipapasa."

Dovie alifungua mfuko wa tortila akautandaza katikati yao. Wengine walikula. Efrain aliinuka, akanyoosha mkono.

"Ufunguo wangu, Bi Hatchett."

Akampa. Kisha akaandika kwenye daftari saa waliyotoka, wanne walioingia na wanne waliotoka, akalifunga.